Pumzi za Issa na Maziwa ya Mama Yake

Wasichana wangu, naambiwa ninyi sita mnaanza kazi Jumatatu. Nimeona mmepewa fulana za rangi moja na simu inayolia yenyewe dakika ikitimia. Vizuri sana. Mimi nilipewa daftari ambalo sikuweza kulijaza, na kitambaa cha kichwa ambacho kilipasuka mwezi wa pili. Vingine vyote nilikuwa navyo tayari: miguu, mdomo, na kichwa kisichotupa jina la mtu.

Muuguzi wenu alikuja hapa kwangu mtaa wa Kabondo, akakaa, akala lituma yangu, ndizi za kupondwa, mpaka sahani ikang'aa, kisha akasema, "Mama Vero, uwaandikie hao batoto kidogo. Ya kitabu banaisha kuisoma." Bon, naandika. Herufi zangu zinapanda na kushuka kama barabara ya Bafwasende wakati wa mvua, kwa sababu shule niliiacha mwaka wa tatu wa msingi nikaenda kuuza ndizi na mama yangu. Someni taratibu.

Kazi yangu, ambayo sasa ni yenu, iliitwa relais. Ni mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba, anaongea na wamama wenye watoto wachanga, halafu anapeleka habari kwenye kituo cha afya. Daftari lilinishinda, basi majina niliyaweka kichwani. Muuguzi wa wakati ule, Mama Albertine, ambaye ndiye aliyenifundisha kila kitu, alikuwa akifungua rejista na kuniuliza, "Vero, yule wa nyumba ya bati jekundu anaitwa nani?" Namwambia: Gracia, wa pili kuzaliwa, mama yake Odette, alizaliwa asubuhi mvua ikinyesha. Mpaka leo sijapoteza hata mmoja. Wewe Deborah unayeanza Jumatatu, usione aibu: ulikataa titi la kushoto mwezi mzima. Mama yako alilia mpaka nikamwonyesha kukushika chini ya kwapa, miguu yako ikitoka nyuma, kama mchezaji aliyebeba mpira wake kwenda nao nyumbani. Ukanyonya. Leo una mabega kunizidi.

Lakini nikiandika sifa zangu tu, mtajifunza nini? Nitawaandikia kiburi changu, kwa maana kiburi hicho nusura kimuue mtoto mmoja. Jina lake Issa.

Mama yake Issa ni Aziza. Alikuwa msichana mpole, mzaliwa wa Kindu, aliyeolewa hapa na Ramazani, kijana wa biashara ambaye wiki tatu katika nne alikuwa juu ya lori njia ya Bafwasende. Donc nyumbani alitawala mama mkwe, Mama Mwajuma. Mnajua zile jamaa za Waislamu wa zamani wa mji huu, ambao babu zao walikuwa wafanyabiashara hapa kabla ya barabara. Mama Mwajuma alikuwa wa jamaa hizo. Mrefu, mnene, sauti yake inafika mtaa wa pili bila yeye kusimama. Akikuita jina lako, unajitazama kwanza kama umevaa vizuri.

Aziza alijifungulia kituoni, akarudi nyumbani kesho yake asubuhi. Mimi nikamfuata mchana. Nakuta nini? Mama Mwajuma ameketi kwenye kigoda barazani na kipande cha jani la mgomba kwenye mapaja. Juu ya jani kuna tone la maziwa ya Aziza, yale ya kwanza, ya njano, mazito. Na katika lile tone kuna sisimizi wawili.

"Salam aleikum, Mama Mwajuma. Unapika nini?"

"Aleikum salam. Sipike kitu. Minapima." Hakuinua macho. "Mama yangu alipimaka hivi, na mama yake pia. Sisimizi akitembea akatoka, maziwa iko muzuri. Akikufa, iko na sumu. Angaliya mwenyewe."

Nikaangalia. Wale sisimizi walikuwa wameshakufa, miguu juu.

"Bakufa," akasema. "Tutaimwaga mpaka siku ya tatu, nyeupe ifike. Sasa mutoto anakunywa mayi ya moto na sukari."

Ndani nikamsikia Issa akilia, na kupitia mlango nikamwona Aziza anakamulia maziwa yake kwenye kikombe cha plastiki ili yamwagwe. Wasichana, ile njano ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Ni kidogo, kijiko kwa kijiko, lakini kila tone lina kazi. Na yeye anaiweka kando kama maji ya kuoshea mchele!

Hapa mjifunze kitu. Ningeweza kusema "Mama Mwajuma, hiyo ni ushamba." Nilishawahi kusema hivyo katika nyumba nyingine, nikafukuzwa na ufagio. Mwenye ufagio alikuwa Mama Kasongo, Mungu amrehemu, na hakunikosa. Tangu siku ile nikajua, ukimwaibisha mama mkwe mbele ya mke wa mwanawe, umefunga mlango na ufunguo umeumeza.

Basi nikaketi. Nikaomba chai. Mama Mwajuma alikuwa na chai yake pembeni, ya tangawizi, sukari nyingi. Nikachovya kidole, nikadondosha tone la chai upande wa pili wa jani. Nikamkamata sisimizi mmoja mzima, nikamtia. Akapiga miguu, akazunguka, akatulia.

"Mama Mwajuma."

"Eh."

"Asubuhi ulikunywa vikombe ngapi?"

"Mbili."

"Basi niite majirani baanze kulia?"

Akanitazama. Akatazama jani. Nikaona midomo yake inabanana, inapigana na uso. Halafu kicheko kikatoka, kikubwa, mpaka kitenge kikamlegea kiunoni na jani likaanguka chini. Aziza akachungulia mlangoni na macho ya woga, hajui nani amekufa.

"Huyu mwanamuke iko na akili ya nyani," Mama Mwajuma akasema. "Leta mutoto."

Issa akawekwa kifuani. Nikamsaidia Aziza: mdomo wa mtoto ufunguke kama anapiga mwayo, kidevu kiguse titi, ashike na ule weusi, siyo chuchu peke yake. Mkimwachia chuchu peke yake, chuchu itampasuka mama na mtoto atashinda na njaa. Akashika. Ukasikia anavyomeza.

Hapo ningeaga niende zangu. Lakini Mama Mwajuma akauliza swali la haki. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sasa akinywa hii tu, bila mayi, bila kitu, itamusaidia nini?"

Nami, kwa ushindi wa yule sisimizi, nikavimba. Nikasema, "Mtoto wa maziwa ya mama peke yake, ugonjwa wa kifua haumkamati."

Mama Albertine alikuwa ameniambia mara nyingi. "Vero, useme yanapunguza. Usiseme yanazuia." Nilijua. Lakini "kupunguza" ni neno dogo, mlangoni halina nguvu, na mbele ya Mama Mwajuma nilitaka neno la kusimama kifua mbele. Nikalisema. Aziza akalishika kama ahadi.

Mama Mwajuma akanyoosha kidole. "Nimesikia, Vero. Aziza pia amesikia."

*

Niwaambie sasa kuhusu kuhesabu pumzi, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kilichofuata.

Mtoto mwenye kikohozi cha kawaida anakohoa, pua inatiririka, lakini anapumua taratibu na ananyonya. Mtoto ambaye ugonjwa umeingia kwenye mapafu anapumua mbio. Basi unahesabu dakika nzima. Mimi hesabu zangu zilikuwa nzuri mpaka arobaini. Baada ya hapo mtu akinisalimu tu, zinatawanyika kama kuku. Mama Albertine akanitungia uzi wa shanga. Kwa watoto wa miezi miwili mpaka mwaka, shanga arobaini na tisa nyeupe, kisha nyekundu. Kila tumbo la mtoto likipanda, unasukuma shanga moja. Ukigusa nyekundu kabla mshale wa saa haujamaliza mzunguko, hakuna kikao tena, hakuna kumwuliza baba: unabeba mtoto, unaenda. Wachanga wa chini ya miezi miwili walikuwa na uzi wao, mrefu zaidi, maana wenyewe wanapumua upesi kwa kawaida.

Siku ya kwanza kujifunza, nikasukuma shanga kwa bidii, jasho linanitoka. Nikasema, "Mama Albertine, huyu ni nyekundu kabisa, twende!" Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Vero, unasukuma wakati weye unapumua. Umejipeleka mwenyewe ku opitali."

Chekeni, lakini shikeni: usihesabu mtoto akilia, usihesabu akinyonya, na usihesabu umetoka kukimbia. Inua nguo, tazama tumbo, ngoja atulie. Tazama pia chini ya mbavu. Akivuta pumzi na pale pakaingia ndani kama shimo, huyo anafanya kazi kubwa mno kwa umri wake.

Simu yenu itawahesabia dakika. Tumbo haitawatazamia.

*

Bon. Issa alinenepa. Kila mwezi siku ya kilo, pale wamama wanapopeleka watoto kituoni kupimwa, Aziza alikuja amevaa vizuri, na Issa akatundikwa kwenye mzani katika kile kikaptura cha kitambaa, anatazama watu kama chifu. Sindano zake alikuwa anapata. Mama Mwajuma alilalamika wakati wa jua kali, "Mutoto iko na kiu!" Nikamwambia maziwa yale ndani yake maji yamo tayari, hesabu tu nguo anazolowesha. Akahesabu siku nzima, akachoka kufua, akanyamaza.

Mwezi wake wa nne, siku ya kilo, nikasimama mlangoni kama kawaida, napitisha majina kichwani. Gracia yupo. Plamedi yupo. Mapacha wa Mama Sifa wapo. Issa hayupo.

Mtu mwingine angesema, labda mama ana nguo za kufua. Mimi kichwa changu hakiruhusu jina kupotea. Nikamwambia Mama Albertine natoka kidogo. Nikachukua shanga na saa, nikaenda kwa miguu.

Ulikuwa wakati wa mvua. Kwa Mama Mwajuma walikuwa wanapikia ndani, mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, katikati ya chumba, moshi unachoma macho. Watoto wa shemeji zake Aziza walikuwa wamekuja na mafua, wanapiga chafya kila pembe. Aziza ameketi kitandani, Issa mapajani. Hakulia. Hicho ndicho kilichonitisha, hakulia.

"Tangu lini, Aziza?"

"Anakohoa siku ine. Jana akaanza kupumua hivi." Akanitazama na imani yote. "Sikukuja ju ulisema mutoto ya maziwa, kifua haimukamate. Donc nikajua ni mafua tu, itaisha."

Wasichana, nimezika mume, nimezika dada. Lakini neno langu mwenyewe likirudi kwangu kutoka mdomo wa yule msichana lilinichoma kuliko hayo yote.

Tukatoa mbabula nje, tukafungua dirisha. Nikangoja jasho langu likauke na pumzi yangu ishuke. Nikainua nguo ya Issa. Shanga zikaanza kupita chini ya kidole changu. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mshale wa saa haujafika hata robo tatu ya njia, kidole kikagusa nyekundu. Na chini ya mbavu pakawa panaingia ndani, kila pumzi.

Mama Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Vero. Iko wapi ile maneno yako?"

"Ilikuwa ya uongo, Mama Mwajuma."

Hakutegemea hilo. Mikono ikashuka.

"Nilisema vibaya," nikasema. "Maziwa yanapunguza. Hayazuii yote. Nilitaka kukushinda, nikasema kubwa. Kosa ni langu, Aziza hana kosa. Utanitukana njiani. Sasa tunaenda hospitali."

"Kwanza aache hiyo titi. Imeharibika. Tumupe ya kopo."

"Titi haliharibiki. Chukua kitenge chako."

Akachukua. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimekubali kosa. Ningebishana, tungebaki pale mpaka jioni.

Barabarani tukasimamisha toleka tatu, zile baiskeli zenye kiti cha abiria nyuma ambazo zilibeba mji huu wote kabla ya pikipiki kujaa. Aziza na Issa mbele, mimi wa pili, Mama Mwajuma wa tatu. Yule kijana wa toleka yake akamtazama alivyokaa, akatazama gurudumu.

"Mama, tungoje kidogo, niongeze pumzi."

"Ongeza ya kwako! Kanyaga!"

Akakanyaga. Tulipofika mlango wa hospitali, Mama Mwajuma ndiye aliyekuwa mbele yetu wote, anapiga kelele, "Batu ba Mungu, mutufungulie!" Na wakafungua. Sauti ile iliyokuwa ikiniogopesha barazani, siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa ajili yake.

*

Issa akapewa hewa kwa mpira mdogo puani, na dawa kwa sindano. Daktari alikuwa kijana, Docteur Michel, macho mekundu ya kukosa usingizi, maneno machache. Akasema mapafu yameshikwa, tumefika kwa wakati, tungengoja kesho isingekuwa vizuri.

Issa alikuwa amechoka mno hata asiweze kunyonya. Akiwekwa kwenye titi, anashika mara mbili, anaachia, anarudi kupigania pumzi. Aziza akaanza kulia, na machozi yalipoanza, maziwa yakapungua. Mama Mwajuma akaketi kwenye benchi la ukuta. Akaongea polepole, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Vero, miye nilizikaka wawili. Kwa kifua. Wote banyonyaga."

"Majina yao nani?"

Akanitazama kama hakuna mtu aliyemwuliza tangu miaka mingi. "Saidi. Na Zubeda."

Kwa desturi ya nyumba ile nilijua walikunywa na maji, nilijua ya njano ilimwagwa. Ilikuwa kwenye ulimi. Nikaimeza. Wasichana, siku nyingine elimu yako kubwa ni kufunga mdomo. Nikasema tu, "Saidi na Zubeda. Nimewaweka." Mpaka leo wapo kichwani pamoja na wengine.

Halafu nikasema, "Huyu wa tatu hatumwachi. Una kazi. Unataka kazi?"

"Nipe."

Basi nikamwonyesha. Aziza anawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Kitambaa cha uvuguvugu juu ya titi. Vidole vinakaa mbali na chuchu, nyuma kidogo, vinabana kurudi kifuani kisha mbele, bila kuvuta ngozi. Mama Mwajuma anashika kikombe kilichochemshwa. Muuguzi wa pale alitupa ruhusa: Issa akipumua nafuu kidogo, kijiko kwa kijiko, kichwa juu, bila haraka; akipumua mbio mno, tunangoja, na wao wanapitisha maziwa kwenye mpira mwembamba wa tumboni. Hilo lilikuwa la kwao kuamua, siyo letu.

Mara ya kwanza Aziza alikamua, ikatoka tone. Mama Mwajuma akachungulia kikombe.

"Ni hii tu? Sisimizi hata hataoga."

Aziza akacheka, katikati ya machozi. Na mnajua? Alipocheka, maziwa yakashuka. Nimeona hilo mara nyingi kuliko nywele zangu nyeupe: mama akiogopa, yanajificha; mama akitulia, yanakuja. Kuanzia hapo Mama Mwajuma akachukua cheo. Akafukuza kila shangazi aliyekuja kulia. "Hapa hatulie, hapa tunakamua!" Akaleta lituma na samaki na sombe, yale majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese, akasimama juu ya Aziza mpaka sahani iishe. Kila baada ya saa mbili anaita, "Mama Issa, kikombe!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuangalia saa kwa kumsikiliza yeye.

Siku ya pili kikombe kilifika nusu. Siku ya tatu asubuhi nikafika na uji wa Aziza, nakuta wote watatu kimya. Mama Mwajuma akaweka kidole mdomoni, akanionyesha.

Issa alikuwa ananyonya. Mpira ukiwa bado puani, anavuta, anameza, anapumua, anavuta. Ule mkono mdogo umeshika kidole cha bibi yake. Nikangoja amalize, nikatoa shanga. Mama Mwajuma akanipokonya.

"Leta. Nitahesabu miye."

Akahesabu, midomo inatembea. Mshale ukamaliza mzunguko na kidole chake bado kiko kwenye nyeupe. Akazitazama zile nyekundu zilizobaki bila kuguswa, akanirudishia uzi, akageukia ukutani na kujifuta uso kwa kitenge.

Docteur Michel alipopita, Mama Mwajuma akamkamata mkono wa koti. "Docteur, useme kweli. Ni maziwa iliokoa mutoto?"

"Mama, dawa imefanya kazi, hewa imefanya kazi, na mumefika kwa wakati," akasema. "Siwezi kukuambia bila maziwa ingekuwa namna gani. Lakini sikiliza. Huyu mama anapumua kikohozi kilekile kilicho ndani ya nyumba yenu. Mwili wake unajifunza kupigana nacho, na silaha ile inapita kwenye maziwa, inafika kwa mutoto. Mutoto anayepata maziwa hiyo mara nyingi haugue sana, na akiugua iko na nguvu ya kupigana. Munaendelea?"

"Tunaendelea!" akasema Mama Mwajuma, kana kwamba titi ni lake.

*

Walitoka siku ya saba. Mbabula ikahamia nje ya nyumba na haikurudi ndani tena, hata mvua ikinyesha. Mama Mwajuma akamfanya Ramazani ajenge kibanda cha jiko kabla hajapanda lori lingine. Mimi nikafanya kazi moja ambayo hamtaikuta kwenye kitabu. Nilizunguka kila nyumba ambako niliwahi kusema lile neno langu kubwa. Kwa Odette, kwa Mama Sifa, kwa wote. Nikasema: nilikosea. Maziwa yanapunguza. Ukiona pumzi inakimbia, beba mtoto uje, na titi uendelee nalo njiani. Odette akaniambia, "Mama Vero, miye nilijuaga tu kwamba unapenda kuongeza chumvi." Walinicheka. Hakuna hata mmoja aliyenifungia mlango. Kumbe mtu akikubali kosa lake barazani kwako, unamsikiliza zaidi mara ya pili. Hilo ningelijua mapema, ningeokoa pumzi zangu nyingi.

Lakini siku ninayotaka muishike ni siku ya kilo iliyofuata. Kituo kilijaa, wamama wamebanana kwenye mabenchi, watoto wanalia kwa sauti zote. Aziza akaingia. Issa akatundikwa kwenye mzani. Mama Albertine akasoma, akasoma tena, akaandika kilo zake juu ya zile za kabla ya ugonjwa. Zile zilizopotea zilikuwa zimerudi na nyingine zimeongezeka. Wamama wakapiga vigelegele, na Issa, ambaye hakupenda kelele, akawapigia kelele zake mwenyewe, kwa kifua kizima, safi, bila kukohoa hata mara moja. Ile sauti! Alikuwa ameirithi, na tulijua kwa nani.

Na mwenye sauti yenyewe yuko wapi? Nikatazama huku na huku. Kwenye mlango nikaona watu wanapisha njia. Mama Mwajuma anaingia, mkononi amemshika msichana mdogo aliyebeba kichanga, na nyuma yao bibi mmoja anayelalamika kwamba anaaibishwa, kwamba maziwa yenyewe ni ya njano, kila mtu anajua.

"Nyamaza, Bi Fatuma, nitakueleza," Mama Mwajuma akasema bila kugeuka. Halafu kwangu: "Vero, huyu amezaa jana. Minamueleza kama mutoto haitakuwa chuma, lakini itakuwa na nguvu. Sawa?"

"Sawa kabisa."

"Sasa unakawia nini? Sogeza benchi."

Nikasogeza benchi. Mama Mwajuma akaketi pale mahali pangu, akamfungulia yule msichana kitenge, akaanza kufundisha. Mimi nikatafuta nafasi katikati ya wamama, nikakaa kusikiliza.